Mikono ya Mama Povu

Mama Povu hakulipata jina hilo nyumbani. Alilipata hospitalini, wodi ya watoto, alikofanya kazi ya uhudumu miaka ishirini na sita, na waliompa ni wauguzi vijana waliokuwa wakimkwepa. Maana ulikuwa ukimaliza kazi, njaa imekushika, unakwenda zako kula, unamkuta amesimama karibu na sinki mikono kiunoni. "Hebu rudi," anakwambia. "Hapo umenawa au umeyasalimia maji?" Basi unarudi. Kiganja kwa kiganja, mgongo wa mkono, katikati ya vidole, kidole gumba peke yake kwa sababu ndicho kinachosahauliwa na kila mtu, mwisho kucha. Yeye pembeni anahesabu, moja mpaka thelathini, bila haraka. Hata daktari mkuu aliwahi kurudishwa sinki mbele ya wanafunzi wake, na hakununa. Au kama alinuna, alinunia moyoni.

Alipostaafu alihamishia sheria zake nyumbani. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vitatu, na nyuma yake ua mdogo wenye bomba, tangi la maji na stoo ya mabati. Humo aliishi na mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Paja. Huyu naye jina lake ni la kazini. Alikuwa na bucha miaka arobaini, na walisema angeweza kulitoa paja la ng'ombe kwenye nyonga kabla mteja hajamaliza kupiga chafya. Kitambaa cheupe hakikumtoka begani. Anakata, anafuta kisu. Anafuta kisu, anakata. Mambo ya maji hakuyapenda. "Kisu kikioshwaoshwa kinapata kutu," alikuwa akisema, "na mteja akikuona unaosha kisu atajiuliza umekata nini." Katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kurudi dukani kwake akilalamika tumbo, na jambo hilo alilisimulia kwa kila aliyekuwa na masikio.

Waliishi hivyo, mtu wa povu na mtu wa kitambaa, miaka thelathini na saba, wakibishana kwa raha. Ugomvi mkubwa haukuwepo. Mama Povu alimwamini mumewe kama mtu anavyouamini ukuta wa nyumba yake, yaani hata hakumbuki kwamba anauamini.

Kulikuwa na paka pia. Alikuwa wa rangi ya majivu, shingo nene, na aliingia ndani siku moja ya mvua akakataa kutoka. Mzee Paja alimpa jina la Diwani kwa sababu, alisema, humwoni mwaka mzima mpaka chakula kiive. Mama Povu alicheka siku hiyo mpaka akashika mbavu, kisha akaenda dukani kununua bakuli la paka.

Bakuli hilo lilikuwa na sheria kuliko mahakama. Lilioshwa nje bombani, kamwe si jikoni. Lilikuwa na sponji yake, inayokaa kwenye kopo la rangi lililokwisha. Diwani alikula samaki wadogo waliochemshwa wakaiva na kupoa, na asipomaliza ndani ya nusu saa bakuli linaondolewa, maana nzi hawana adabu. Nyama mbichi marufuku. Na kila amgusaye paka au bakuli lake ananawa kwa sabuni, kabla na baada. "Kabla ni kwa ajili ya paka," Mama Povu alieleza, "na yeye ana tumbo. Baada ni kwa ajili yetu."

"Paka hana jiko," alinung'unika Mzee Paja. "Umewahi kumwona simba na sufuria?"

"Simba hana mjukuu," alijibu mkewe.

Maana mjukuu alikuwa amefika. Mtoto wao wa kiume alifanya kazi mbali, kwenye ujenzi wa barabara, akija nyumbani mara mbili kwa mwaka. Mkewe alifanya kazi kiwanda cha nguo, kwa zamu zinazobadilika kila wiki, na binti yao wa mwaka mmoja na nusu hakuwa na pa kushindia. Mtoto huyo mashavu yake yaliufanya mtaa umwite Kibonge. Mkwe alikuja naye siku ya kwanza, akakaa ukingoni mwa kiti, akimwangalia Diwani kwa wasiwasi.

"Mama, nisikufiche," alisema. "Mtoto nakuachia kwa moyo mmoja. Ila huyu paka namwogopa. Kibonge mikono yake inaingia mdomoni kila saa."

Mama Povu hakukasirika. Alimpenda zaidi kwa hofu ile. Alimpeleka bombani, akamwonyesha bakuli, sponji, sabuni, na sufuria ya samaki wa paka iliyokuwa imetobolewa mpini ili isichanganywe na nyingine. Mkwe akaridhika, lakini akataka ahadi kutoka kwa wote wawili. Mama Povu alisema, "Mikono yangu naijua." Mzee Paja akanyoosha mkono juu kama yuko kizimbani: "Nyama mbichi haitamfikia huyu paka. Mkinikamata, nifukuzeni mimi na yeye." Wakacheka wote watatu, na Kibonge, ambaye hakuelewa kitu, akacheka kuwazidi.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko miaka mingi aliyopata kuishi Mama Povu. Tangu astaafu, mikono yake ilikuwa imekosa kazi, na mtu aliyefanya kazi kwa mikono tangu ujana huwa hajui aiweke wapi. Sasa kulikuwa na uji wa kukoroga, nywele za kusuka, vidole vidogo vya kunawisha. Kila Jumatatu asubuhi, kabla mkwe hajafika getini, tayari Mama Povu alikuwa amesimama hapo na khanga yake begani, akijifanya anafagia.

Kitu kimoja tu kilimshangaza katika siku hizo. Diwani alianza kuringa. Ananusa samaki wake, anakula wawili, anaondoka. Na bado alizidi kunenepa. "Atakuwa anakamata panya," alisema Mama Povu, na Mzee Paja akakubali haraka kwamba ndiyo, panya wamejaa kule stoo, yeye mwenyewe amewaona.

Kibonge aliugua siku ya Alhamisi. Ilianza kama tumbo la kawaida la mtoto, mchana joto likapanda, na jioni kwenye nepi kukaonekana damu. Walimkimbiza hospitali. Alilazwa katika wodi ileile, hatua sita kutoka sinki lile ambalo Mama Povu alikuwa akiwarudishia wauguzi. Wahudumu wa siku hizi hawakumfahamu. Alisimama karibu na kitanda akitazama sindano ya maji ikitafuta mshipa kwenye mkono uliokuwa umenyauka ghafla, na hakuwa na la kufanya ila kuomba.

Siku ya tatu mtoto alipata nafuu, na daktari akaja na majibu. Alikuwa dada kijana, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Tumepata bakteria kwenye choo chake," alisema. "Hawa mara nyingi tunawapata kwenye nyama mbichi, hasa kuku. Nyumbani mna mnyama yeyote?"

"Paka," mkwe alijibu upesi.

"Anakula nini?"

"Samaki wa kuchemsha," alisema Mama Povu. "Nyama mbichi haingii."

"Nani anayemlisha?"

"Mimi."

Akaeleza yote: bakuli, bomba, sponji, sabuni kabla na baada. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatisha. Kisha akasema kwa upole, "Mama, sikatai. Ila vijidudu hawana miguu. Kuna mkono mahali fulani uliowabeba." Na wote, bila kukusudia, wakaitazama mikono ya Mama Povu. Yeye mwenyewe aliitazama.

Hapo Mzee Paja akakohoa. "Daktari," alisema, kofia yake ameikunja mkononi, "si kwa ubaya. Huyu mwenzangu siku hizi anasahausahau. Juzijuzi funguo za nyumba tulizikuta kwenye friji."

Ilikuwa kweli. Alirudi na mifuko mingi, akapanga vitu kwenye friji, na funguo zikapangwa pamoja na mayai. Walicheka siku mbili nzima. Sasa kicheko kile kimeletwa hapa kuwa ushahidi. Lakini Mama Povu, na hili ndilo linalouma zaidi, hakumfikiria vibaya mumewe. Aliona ni mwanamume anayejaribu kumpunguzia mkewe aibu: bora waseme amesahau kuliko waseme mchafu. Hata alimshukuru kwa macho. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema kwamba utakishukuru.

Kibonge aliporuhusiwa, hakurudi kwa bibi. "Nitamweka kwa jirani yangu kwanza," mkwe alisema, akitazama pembeni. "Sikulaumu, mama. Uzee ni wetu sote. Lakini mpaka tujue. Na pengine tukupeleke siku moja wakakupime kumbukumbu, eh? Si kitu kikubwa." Mtu akikutukana utajibu. Huyu alikuwa akimhurumia, na huruma haina jibu.

Wiki tatu zilizofuata Mama Povu alijichunguza kama polisi anavyomchunguza mwizi. Alinunua daftari dogo, akalifunga kwa uzi kando ya bomba, na kila anaponawa anaweka alama. Kisha anasimama na kujiuliza kama alama hiyo ameiweka baada ya kunawa au badala ya kunawa, na anarudia. Mikono ilipasuka mpaka ikavuja damu kwenye viungo. Alijaribu kuikumbuka ile wiki ya ugonjwa, siku kwa siku, atafute ni wapi alipokosea, na alipokosa kosa alichukulia kwamba hilo nalo amelisahau. Mtu akikuibia sufuria utaitafuta. Akikuibia imani na kichwa chako mwenyewe, utaitafuta kwa kutumia nini? Jumatatu asubuhi alikuwa bado anakwenda getini na ufagio, anasimama kidogo, anarudi ndani.

Mzee Paja aliyaona yote hayo. Aliliona daftari. Siku moja alimletea mafuta ya kupaka mikono.

Kweli ilijulikana Jumatano asubuhi, na iliyoifichua ni pochi. Mama Povu alitoka kwenda dukani kununua sabuni, akafika kwenye kona, akapapasa, pochi hana. "Tazama," alijiambia, machozi yakimlenga, "nimesahau tena." Akarudi, na kwa kuwa geti la nyuma lilikuwa karibu, akapitia huko.

Kwanza alimsikia Diwani akilia kilio kile cha kubembeleza ambacho yeye hakuwahi kuliliwa kwa samaki wake. Kisha akamwona mumewe. Amechuchumaa nyuma ya tangi, mlango wa stoo wazi, kopo la plastiki la siagi kati ya miguu. Ndani ya kopo maini na firigisi za kuku, mbichi, zinang'aa. Anatoa kipande, anakikata juu ya mfuniko kwa kile kisu chake kidogo cha bucha, anampa paka kwa vidole. Anafuta kisu kwenye kitambaa. Anafuta vidole kwenye kitambaa hichohicho. Anakata tena. Kisha, kwa vidole vilevile, akatoa biskuti mfukoni mwa shati, akaivunja vipande viwili na kutia kimoja mdomoni.

Biskuti zile alizijua. Mfuko ule wa shati Kibonge aliujua kuliko mtu yeyote. Kila siku saa nne asubuhi alikuwa akipanda juu ya goti la babu yake, anafungua mdomo, na babu anamvunjia.

"Tangu lini?" Mama Povu aliuliza.

Mzee Paja aliruka, nusura alimwage kopo. "Ah, mama! Umesahau nini tena?"

"Nimesahau pochi. Nakuuliza, tangu lini?"

"Vipande viwili tu. Paka alikuwa anakonda."

Diwani, aliyekuwa mnene kama mto wa kitanda, aliendelea kula.

"Unavitoa wapi?"

"Kule bucha. Kijana niliyemwachia duka ananiwekea." Akasimama, magoti yakilia. "Usinitazame hivyo. Nilikuwa nafuta mikono. Wallahi nilikuwa nafuta vizuri. Kitambaa nakianika juani kila siku."

Aliamini anachosema. Miaka arobaini mkono wake ulifunzwa kwamba kufuta ndiko kuosha, na kwa hilo, Mungu ni shahidi, Mama Povu angemsamehe palepale. Angempigia kelele juma zima, angekichoma moto kile kitambaa, na angemsamehe. Lakini kulikuwa na swali jingine nyuma ya hilo, na aliogopa kuliuliza.

"Daktari aliposema kuku," alisema taratibu, "ulijua?"

Mzee Paja akafunga kopo. Akalifungua. Akalifunga.

"Ulijua?"

"Nilifikiri hivyo."

"Ukafikiri hivyo, halafu ukasema nasahau."

"Si kweli unasahau? Funguo..."

"Usinitajie funguo!"

Sauti ilimtoka hadi paka akakimbia. Mzee Paja akaangalia ukuta wa jirani, akashusha sauti yake. "Nisikilize. Wewe wangekusamehe. Wewe ni bibi, mwanamke, umelea watu. Mimi wangesemaje? Mchinjaji. Nimeuza nyama miaka arobaini, hakuna aliyeumwa. Leo waseme nimemlisha mjukuu wangu sumu kwa mkono huu? Nisingeweza, mama. Maneno yalinitoka tu."

"Wiki tatu," alisema Mama Povu. "Unaniona natia alama kwenye daftari. Unaniona mikono inatoka damu. Ukaniletea mafuta."

Mama Povu alikaa kwenye ngazi ya stoo na kulia kwa sauti, kilio cha mtu aliyegundua kwamba mzigo aliotwishwa ni wa mwingine, na aliyemtwisha alikuwa akitembea kando yake akimpa pole. Aliumia kwa ajili ya mtoto. Aliumia kwa ajili ya kichwa chake, alichokituhumu bure. Zaidi ya yote aliumia kwa sababu ya yale macho ya shukrani aliyompa kule wodini.

Mzee Paja alimpigia magoti, kwa mara ya kwanza tangu siku ya posa. Akaomba kitu kimoja. "Jumapili mkwe anakuja na mtoto. Niachie niseme mwenyewe. Nikisemewa nitakuwa nimekwisha. Niachie nijitetee kiume." Na Mama Povu, ambaye angemrudisha daktari mkuu sinki, akamhurumia mumewe. Akasema sawa. Ungekuwepo ungemwambia apige simu saa ileile. Hukuwepo.

Siku nne zilipita. Waliishi kama wapangaji. Mama Povu hakuingia stoo, hakutaka kuiona.

Jumapili mkwe alikuja, Kibonge mgongoni. Mtoto alikuwa amepungua, mashavu yameshuka, lakini alipomwona bibi yake aliruka kama samaki. Mama Povu alikwenda kunawa kwanza, kisha akampokea, akamshika kifuani, na kwa dakika kadhaa hakusikia lolote walilokuwa wakisema watu wazima.

Walikunywa chai. Mzee Paja alizungumzia mvua. Akazungumzia barabara anayojenga mwanawe, na bei ya mabati. Mama Povu alimtazama. Akamimina chai ya pili, akamtazama tena. Mzee Paja akaanza habari za mpira, mtu ambaye hata hajui timu zina wachezaji wangapi.

"Mzee," alisema mwishowe Mama Povu, "ulikuwa na neno."

"Neno gani?"

Basi Mama Povu akasema mwenyewe, yote, kuanzia kopo la siagi mpaka biskuti, akijitahidi asipaze sauti, na mtoto kwenye mapaja yake akichezea vifungo. Mkwe alisikiliza, uso ukibadilika. Kisha akageuka. "Ni kweli, baba?"

Mzee Paja aliikunja midomo. Aliyatazama mazulia. Kwa muda alionekana kama mtu anayekaribia kupiga chafya, na Mama Povu, hata wakati ule, alimwombea.

"Unaona mwenyewe," alisema mzee, kwa huzuni, kwa mkwewe. "Nilikwambia anasahau. Na sasa ameanza kuzua na mambo."

Mama Povu alimshusha mtoto, akamshika mkwe mkono, akampeleka uani, akafungua mlango wa stoo.

Stoo iling'aa. Sakafu imepigwa deki. Zana zimepangwa ukutani kwa urefu. Kitambaa kimefuliwa, kimekunjwa pande nne, kinanukia dawa ya kuondoa madoa. Kopo la siagi lilikuwa juu ya rafu, limejaa misumari. Mama Povu aliimwaga misumari, akalipeleka kopo kwenye mwanga. Halikuwa na tone la mafuta. Akapitisha kucha kwenye ule mfereji mwembamba unaozunguka mdomo wa kopo, pale panapobaki uchafu siku zote, pale alipokuwa akiwaambia watu miaka yote wasipasahau. Palikuwa safi. Palisuguliwa kwa kitu chembamba, njiti pengine, mzunguko mzima.

Kumbe alikuwa akimsikiliza. Miaka thelathini na saba alifikiri maneno yake yanapita sikio moja na kutokea jingine, na kumbe yote yameingia, kila neno. Alijua kuosha. Alikuwa akijua siku zote, na siku aliyoamua kuosha, alimwosha yeye.

"Mama," mkwe alisema taratibu, akilichukua kopo mikononi mwake. "Kopo hili ni safi."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na urefu wa kutosha kutoka wodini mpaka stoo, na bado iliendelea.

Walirudi ndani. Mkwe alimketisha Mama Povu kwenye kiti kwa kumshika viwiko, namna ambayo hakuna aliyewahi kumketisha. Alikuwa na machozi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lisisahaulike. "Mama, sikiliza," alisema. "Kibonge anakulilia kila siku. Na kule kwa jirani hapati uangalizi, watoto ni wengi. Mimi nataka arudi. Hata kesho. Tufanye tu hivi: paka alishwe na baba, na chakula cha mtoto akishike baba. Wewe utakaa naye, utacheza naye, utampa mapenzi. Jikoni usiingie. Baba, utaweza?"

"Nitaweza," alisema Mzee Paja.

Hata kesho. Wiki tatu Mama Povu alikuwa ameomba neno hilo, na sasa limewekwa mbele yake, na bei yake ni kunyamaza tu. Kesho asubuhi angekuwa getini na ufagio. Mtoto alikuwa amerudi kwenye goti lake, mzito na wa moto, akimvuta sikio. Na kule kwenye mfuko wa shati la mumewe aliuona mkunjo wa karatasi ya biskuti.

"Asirudi," alisema Mama Povu.

"Mama?"

"Asirudi hapa. Si kesho, si keshokutwa. Mpaka babu yake aseme alichofanya, mtoto asile kitu katika nyumba hii."

"Lakini mama, si wewe uliyekuwa..."

"Mimi ndiye. Nampenda kuliko macho yangu. Mchukue."

Mkwe alimwangalia Mzee Paja juu ya kichwa cha Mama Povu. Jicho lile Mama Povu alilijua. Ndilo wauguzi wanalotupiana juu ya kitanda cha mgonjwa asiyejua hali yake. Kisha akamfunga mtoto mgongoni. Kibonge akaanza kulia, mikono yote miwili nje ya khanga, akimnyooshea bibi yake, na Mama Povu akaikalia mikono yake mwenyewe ili isimpokee.

Walifika getini. Mkwe akasimama hapo, akageuka, akasubiri kidogo, kana kwamba bado kuna mtu ana jambo la kusema. Neno moja tu lingetosha. Mzee Paja alikuwa karibu naye kabisa, mkono kwenye komeo.

"Nendeni salama," alisema. "Mama nitamwangalia mimi."

Kisha akafunga geti.